Kompyuta ya nyumbani ilivyoacha kujikokota

Ilifika mahali nikiiwasha kompyuta asubuhi naenda kuoga kwanza, narudi bado inazungusha kile kiduara. Nilishavilaumu virusi, nikaskani mara mbili. Hakuna kitu.

Siku moja nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha linaloonyesha nani anakula nini. Prosesa imetulia, asilimia 8 tu. Memori nusu. Lakini safu ya diski ilikuwa imeiva: asilimia 100, na hapo sijafungua hata faili moja. Mchawi nikamwona.

Kwanza nikazima programu zinazojianzisha zenyewe kompyuta inapowaka. Zilikuwa 14, nyingine hata sikumbuki kuziweka. Ikapata nafuu, ila kidogo. Diski yenyewe ilikuwa ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinachohangaika huku na huku kutafuta data. Ukitega sikio unakisikia kikikwaruza. Programu kumi zikiomba kwa mpigo, lazima zipange foleni.

Nikanunua SSD, diski ya kisasa ambayo haina kinachozunguka. Nikanakili diski nzima kwa programu ya kukloni (baada ya kuhifadhi picha pembeni, maana mimi na bahati hatuelewani), nikafungua skrubu, nikabadilisha. Kazi ya bisibisi haikuzidi dakika 20. Kunakili ndiko kulikochukua usiku kucha.

Sasa inawaka kwa sekunde 18. Kuoga inabidi nitafute muda mwingine.