Nimerudi Mombasa, nawatafuta makuli wa zamani

Nimerudi Mombasa, na safari hii ni ya kukaa. Miaka yangu ya kufundisha historia Uingereza niliitumia karibu yote kwa swali moja: saa za mtu wa kipato kidogo ni mali ya nani? Nilianzia kwa mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, aliyeeleza mwaka 1967 jinsi viwanda vilivyomzoesha mfanyakazi wa kule kuishi kwa saa ya ukutani. Nikafundisha hayo, lakini moyo wangu siku zote ulikuwa Kilindini, bandari yetu ya Mombasa.

Kilindini mambo yalikwenda kivyake. Kabla ya miaka ya 1950 makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Wafika asubuhi, wachukuliwa, jioni walipwa. Kesho ukitaka, huendi. Maafisa wa kikoloni waliyaita hayo uvivu. Basi ni wavivu gani hao waliousimamisha mji Januari 1947, wao na wenzao wa reli, hoteli na majumbani, karibu watu 15,000, kwa siku 12?

Juzi nilikaa barazani Majengo na ami yangu, kuli wa siku hizo. Umri umepita tisini, na kiganja cha kulia bado kina kovu la kulabu ya magunia. Nikamwambia yaliyoandikwa juu yao. Akatua kikombe cha kahawa.

"Wewe wafikiri siku nisiyokwenda gatini nilikuwa nimelala? Nilikuwa Kisauni, naangua nazi. Au kuna arusi, na arusi zetu zilikuwa siku saba!"

Kisha ukaja usajili wa vibarua: asiyefikisha siku zilizotakiwa kwa mwezi anafutwa. "Tangu hapo," akasema ami, "arusini twaenda kwa ruhusa."

Sentensi hiyo sikuikuta katika faili lolote. Kwenye nyaraka nimesoma tani, mishahara, mahudhurio na hofu ya wakubwa juu ya migomo. Ngoma, mpira, shamba na maulidi hutajwa pale tu zinapochelewesha meli. Kwangu mimi hiyo ndiyo nusu ya historia ya kazi, na wenye kuijua ni wazee wanaotutoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo nimeanza kuwarekodi. Mwenye babu, baba au ami aliyebeba magunia Kilindini kabla ya makontena, naomba anipeleke kwake. Sitamuuliza kwanza alilipwa ngapi. Nitamuuliza siku asiyokwenda kazini alikuwa wapi, na nani.