Alex Elmsley na karata iliyofichwa
Ninapowaonyesha wapwa zangu mazingaombwe hapa Kirumba, Mwanza, mbinu ninayoitegemea zaidi ni ya Alex Elmsley (1929–2006), mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza aliyebuni mazingaombwe kwa mapenzi tu. Karata nne huhesabiwa moja moja, kumbe ya kwanza imehesabiwa mara mbili na ya tatu imejificha nyuma ya ya pili.

Ninamheshimu zaidi kwa hesabu zake: ukigawa karata 52 nusu kwa nusu na kuzipishanisha moja moja, unaweza kuipeleka ya juu nafasi yoyote kwa kuandika idadi ya karata zitakazoitangulia kwa tarakimu 0 na 1 pekee, kama kompyuta ifanyavyo, na kuzifuata kuanzia kushoto: 0, karata ya juu kabisa hubaki juu; 1, huwa ya pili. Karata ziwe mpya, maana zilizolowa jasho hunatana na hazipishani sawasawa.