Paka akihema mdomo wazi

Mbwa kuhema ulimi nje kwenye jua la Nyali, Mombasa, si ajabu. Paka si hivyo. Paka aliyetulia tu, mdomo wazi, shingo kainyoosha, viwiko kavitenga na kifua, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo sasa hivi, si kesho asubuhi.

Hesabu pumzi bila kumgusa: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Akiwa amelala, paka mwenye afya kwa kawaida hapiti 30. Zikizidi 40, ondokeni. Fizi zikiwa buluu au kijivu, hata usihesabu.

Huruma ya nyumbani ndiyo huharibu. Huyu anammwagia maji, yule anamkaba amnyweshe maziwa, mwingine anamlaza chali amsugue kifua. Akipapatika anamaliza hewa kidogo aliyo nayo, na maziwa huingia mapafuni. Mwache akae alivyochagua. Mtie kwenye kapu la nguo lenye matundu na mfuniko, tupia leso nyepesi upande mmoja. Tuktuk hupata upepo. Gari lililofungwa vioo bila AC mwezi wa Februari ni tanuri.

Panadol kamwe! Kidonge kimoja chatosha kumuua: damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba. Kama keshapewa, semeni bila haya, maana dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo na huhitajika mapema.

Piga simu kabla ya kutoka, uliza: oksijeni ipo? Walio Likoni, foleni ya feri pia ni muda.

Daktari mzuri hakimbilii picha ya eksirei. Kumnyoosha mezani paka asiye na pumzi kwaweza kummaliza palepale. Oksijeni kwanza, na dawa ya kumtuliza. Mapafu yakisikika juu huku chini kimya, huenda kuna maji au usaha kifuani. Hutolewa kwa sindano kati ya ubavu wa 7 na wa 8, ikipita mbele ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu hukaa nyuma yake. Miluzi akitoa pumzi huelekeza kwenye pumu. Aliyeanguka ghorofani au kugongwa na bodaboda huenda kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kimepasuka, matumbo yakapanda kifuani. Huyo kapu lake liinuliwe upande wa kichwa.

Kikohozi cha pumu wengi hudhani ni nywele zimemkwama. Akikohoa, mrekodi kwa simu. Kliniki huenda asikohoe tena.