Moshi wa Nicodemus

Mjomba hapendi kusimama njiani. Akishashika usukani, ni mwendo mmoja hadi mafuta yakaribie kuisha, na siku ile tulikuwa tunakwenda Denver. Tulishaiacha barabara kuu ya I-70 kwa sababu ya malori, tukashika barabara ya 24 kaskazini-magharibi mwa Kansas, mashamba kulia, mashamba kushoto, hakuna hata kilima cha kupumzishia macho. Hapo ndipo nilipoliona bango la kihistoria kando ya barabara: Nicodemus.

"Mjomba, simama kidogo."

"Kuna nini hapa? Hata duka hakuna."

Alisimama, ila injini hakuzima. Nikateremka, nikawa namsomea kwa sauti kupitia dirishani: kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky. Yaani miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa nchini Marekani. Injini ikazimwa.

"Watu wetu? Huku nyikani?"

Tukaingia kijijini. Wakazi waliobaki ni wachache mno, lakini tangu 1996 mahali hapa panalindwa kama eneo la kihistoria la taifa, na majengo matano ya zamani bado yamesimama: makanisa mawili, shule, hoteli, na ukumbi wa mawe uliojengwa miaka ya 1930. Mama mmoja mhifadhi alitupokea vizuri. Mjomba, ambaye dakika chache nyuma alikuwa akiangalia saa, akavuta kiti.

Mama yule akatusimulia habari za Willianna Hickman, aliyefika na mumewe mchungaji mwaka 1878. Walishuka treni mji wa Ellis, wakasafiri siku mbili wakikata nyika. Wanaume wakapiga kelele kwamba Nicodemus ile pale. Yeye akatazama, hakuona nyumba hata moja. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini huku na huku. Miti ya kujengea haikuwepo, kwa hiyo watu walikuwa wamechimba mashimo wakahamia humo, na dohani ndiyo iliyotokeza juu. Mama wa watu akaanza kulia.

"Hebu fikiria," mjomba akasema, "unatoka utumwani unakuja kuishi shimoni! Mimi ningerudi siku hiyohiyo."

Na kweli wapo waliorudi. Waliobaki walikuwa na majembe machache na wanyama wa kulimia wa kuhesabika, na majira ya baridi ya kwanza waliponea kwa nyama waliyopewa na Waosage, Wahindi Wekundu wenyeji wa nchi ile, waliokuwa wakitoka kuwinda. Bado wakajenga shule, wakafungua maduka, hata magazeti wakawa nayo. Kilichowavunja nguvu hakikuwa njaa. Ilikuwa reli. Mwaka 1888 ilipita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakafungasha wakaifuata, pakazaliwa mji wa Bogue.

Hilo la reli lilimuuma mjomba kuliko mashimo. Gari lilipowaka hakutaja tena Denver.

"Iko wapi hiyo Bogue? Twende tukauone huo mji uliowanyang'anya riziki."

Ni mwendo mfupi tu kuelekea magharibi. Tukafika, mjomba akapunguza mwendo, akatazama vijumba vile vichache na mitaa isiyo na mtu. "Ndiyo hii?" akauliza. Akacheka peke yake hadi akalazimika kuegesha gari.