Nilivyotengeneza kamera ya tundu kwa kupiga hesabu kwanza

Kamera ya tundu, yaani boksi la giza ambalo mwanga huingia kwa tundu dogo na kuchora picha kwenye karatasi ya picha, haina lenzi wala betri, lakini fizikia ya mwanga ya mwaka wa kwanza karibu yote imo ndani yake, na kemia juu yake. Nilipoitengeneza kwa ajili ya vitendo vya chuoni niliamua tangu mwanzo kwamba upana wa tundu na muda wa kuruhusu mwanga nitaupata kwa hesabu. Wengi hutoboa kwa kukisia, wakipata ukungu wanailaumu karatasi.

Boksi lilikuwa la kadibodi nene, na kutoka kwenye tundu hadi kwenye karatasi ni milimita 100. Ndani nilipaka rangi nyeusi isiyong'aa, kona zote nikaziba kwa soletepu nyeusi. Kupima uvujaji ni rahisi: washa tochi ya simu, iweke ndani, funga boksi, zima taa za chumba, kisha ligeuzegeuze. Mwanga ukitoka mahali popote, na jua litaingilia hapo hapo.

Tundu ndilo lenye mambo. Likiwa pana, kila nukta ya mandhari inachora doa lenye upana karibu sawa na tundu lenyewe, picha inakosa makali. Ukilifanya dogo mno mwanga hutawanyika unapopita, na doa linazidi kutanuka. Lord Rayleigh aliandika juu ya suala hili mwaka 1891, na kanuni inayotumika hadi leo ni hii: kipenyo ni 1.9 mara kipeuo cha pili cha umbali ukizidishwa kwa urefu wa wimbi. Vitabu vingi huweka nanomita 550, yaani rangi ya kijani ambayo jicho huiona vizuri zaidi. Mimi niliweka 450, kwa sababu karatasi ya picha huona zaidi bluu. Umbali wa milimita 100 ukizidisha kwa 0.00045 (nanomita 450 kwa milimita) unapata 0.045, kipeuo chake ni 0.212, mara 1.9 ni milimita 0.4. Tundu la 0.2 lingetoa doa la kama milimita 0.55, pana kuliko tundu lenyewe.

Bati nililikata kwenye kopo la soda, lina unene wa takriban milimita 0.1. Libonyeze kwa ncha ya sindano juu ya kadibodi hadi uvimbe utokeze upande wa pili, usilitoboe kwa nguvu. Piga msasa laini juu ya uvimbe, pitisha ncha tena taratibu huku ukiizungusha, rudia mpaka kingo ziwe safi. Mabaki ya chuma kwenye kingo huharibu picha kuliko kosa dogo la kipenyo. Kupima nilitumia skana: kwa nukta 1200 kwa inchi, milimita 0.4 ni takriban nukta 19.

Sasa muda. Gawanya 100 kwa 0.4, namba f ni 250. Kwenye jua kali, kamera ya kawaida kwenye f/16 hutumia sekunde moja gawanya kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kuathiriwa na mwanga), na karatasi ya picha nilihesabu kuwa ISO 6, hivyo ni moja ya sita ya sekunde. 250 gawanya kwa 16, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 244. Zidisha kwa moja ya sita: sekunde 41 hivi. Lakini mwanga hafifu wa muda mrefu hauiathiri fedha iliyomo kwenye karatasi kwa uwiano ule ule, kwa hiyo anza na sekunde 60, na vipande vya majaribio viwe 30, 60 na 120. Kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia, la sivyo tofauti haionekani. Kwa karatasi ya milimita 127 kwa 178 (ile ya tano kwa saba), kona hupata kama moja ya tano tu ya mwanga wa katikati. Weusi wa kona kwenye picha ya mwisho haumaanishi boksi limeharibika.

Karatasi hasi, yaani picha ya kwanza ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, huwa na tofauti kali mno: anga nyeusi tii, vivuli vyeupe tupu. Dawa yake ni kuimulika kidogo kabla ya kupiga. Chukua kipande, kimulike kwa taa hafifu kwa hatua za sekunde moja moja, kisafishe kwa dawa, tafuta muda mrefu kabisa ambao bado haujaleta kijivu. Tumia muda mfupi kidogo kuliko huo. Taa nyekundu ya chumba cha giza nayo ipime kwa karatasi iliyokwisha mulikwa hivyo: weka sarafu juu yake dakika tano, kisha isafishe. Duara la sarafu likionekana, taa si salama.

Kusafisha kuna tatizo la kwetu pwani. Devalopa, dawa inayotokeza picha, imekusudiwa nyuzi 20, na maji ya bomba Dar es Salaam huweza kuwa 28 au zaidi. Picha inatokea haraka, na karatasi yote inaanza kuingia kijivu. Kuitoa mapema kunaacha mabaka, kwa sababu dawa haijafanya kazi sawasawa. Nilielesha chupa ya plastiki yenye barafu ndani ya trei, kipimajoto kikiwa pembeni, na kuitoa kila ilipofika 20. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe, itaizimua. Sekunde 90 za devalopa zikiisha, hamishia karatasi kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, sekunde 30. Kisha fiksa, dawa inayoifanya picha isiathiriwe tena na mwanga, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha maji yanayotiririka dakika tano kwa karatasi yenye plastiki.

Kupata chanya, yaani picha yenye mwanga na giza mahali pake, weka hasi uso kwa uso juu ya karatasi mpya, bana kwa kioo, mulika kutoka juu, safisha vilevile.

Fiksa iliyotumika ina fedha, na fedha hudhuru viumbe wa majini, kwa hiyo isimwagwe. Niliimimina kwenye ndoo yenye steelwool: chuma huyeyuka, fedha hutoka na kutua chini kama tope jeusi.