Nilivyoielewa DNA na RNA kwa kuanzia kaboni ya 2

Kila niliyemwomba msaada wa kuelewa DNA na RNA, molekuli ndefu zinazobeba taarifa za urithi, alinipa ushauri mmoja: kariri. DNA nyuzi mbili, RNA uzi mmoja. DNA timini, RNA urasili. Nikakariri vizuri tu. Siku nilipoulizwa kwa nini RNA hukatika upesi kwenye alkali na DNA hustahimili, jedwali langu halikunifaa kitu. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, maana jibu limo kwenye sukari zinazounda uzi na hakuna aliyenielekeza huko.

Nilichora sukari kubwa, ukurasa mzima, nikazipa kaboni zake namba 1 hadi 5. Besi (timini, urasili na wenzao) hukaa kwenye ya 1. Fosfati huunganisha ya 3 na ya 5 ya sukari inayofuata, ndiyo maana uzi una upande wa kuanzia na wa kuishia. Kisha nikafika kwenye ya 2, nikakaa hapo jioni nzima. Kwenye DNA ina hidrojeni tupu. Kwenye RNA ina haidroksili, yaani oksijeni iliyoshika hidrojeni. Alkali ikiinyang'anya haidroksili hiyo hidrojeni yake, oksijeni inayobaki huivamia fosfati ya jirani na uzi unakatika mahali hapo. Haidroksili hiyohiyo ndiyo inayoifanya RNA, inapojikunja na kupanga besi zake jozi kwa jozi, ichukue umbo A, nene, lenye jozi kama 11 kwa mzunguko. DNA ndani ya seli kwa kawaida huwa umbo B: jozi 10.5 hivi, kipenyo kama nanomita 2. Ikikauka, nayo huingia umbo A. Mwanasayansi Mwingereza Rosalind Franklin aliyatofautisha mawili hayo kwa eksirei kabla ya 1953.

A na B husokotwa kuelekea kulia; umbo jingine la DNA, Z, kushoto. Kutambua ni rahisi: tazama nyuzi za mbele. Zikipanda kutoka kushoto kwenda kulia, msokoto ni wa kulia, hata ukiipindua picha juu chini. Kagueni michoro inayosambaa, mingi imekosewa!

Kwa namba hizo za kaboni hata RNA mjumbe, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ilinyooka. Kwenye seli zenye kiini, kofia yake ya guanini, iliyo kwenye ncha ya 5, hufungwa kaboni ya 5 kwa ya 5, kinyume cha viungo vingine vyote, hivyo vimeng'enya vinavyoila RNA kuanzia ncha hiyo havipati pa kushika. Ncha ya 3 ina mkia wa adenini nyingi. Hayo yote sasa nayachora bila kutazama daftari.