Swichi kumi na mbili na ruta moja nyuma ya fotokopi

Saa 12 asubuhi. Naamkia laptopu kabla ya chai. Leo tunafunga swichi kumi na mbili za mtandao, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta, simu na kamera za ofisi, kwenye jengo la ghorofa nne hapa mjini Kisumu. Faili za mipangilio nilizimaliza usiku, lakini nazipitia tena: jina la kila swichi, VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) ya ofisi, ya simu, ya kamera.

Saa 2. Boda inanishusha. Mzee mlinzi anatazama makatoni. "Zote hizi utazipanga leo, kijana?"

"Zitajipanga zenyewe, mzee." Anacheka. Simlaumu.

Swichi mpya ikiwaka haina faili ndani, basi inaita mtandaoni kama mgeni aliyeshuka stejini usiku: nani atanipokea? Seva ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani, ambayo leo ni laptopu yangu, inaitambua kwa anwani yake ya MAC, namba iliyotoka nayo kiwandani, na kuipa anwani ya IP ya kutumia mtandaoni. Ndani ya jibu hilo, chaguo la 66 linaitajia seva ya faili, la 67 jina la faili yake. Inaivuta kwa TFTP, njia nyepesi ya kusafirisha faili, inaisoma, inaanza kazi. Zamani ningeketi sakafuni na kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha laptopu na swichi moja moja, kasi biti 9600 kwa sekunde, nikibandika amri swichi baada ya swichi. Mgongo wangu haujasahau.

Saa 5. Ghorofa mbili za chini zimekwisha. Ya tatu imegoma. Swichi imewaka, ina anwani, lakini faili haijavuta. Natazama anwani yenyewe: 192.168.0.107. Mimi ninagawa zinazoanza na 10. Basi kuna mwingine anayegawa!

Nafuata MAC ya huyo mgawaji kwenye swichi ya zamani, tundu la kebo moja baada ya jingine, hadi nyuma ya mashine ya fotokopi. Mtu alileta karuta ka Wi-Fi kutoka nyumbani, akachomeka kebo upande usiofaa, kakawa kanagawia anwani ghorofa nzima. Kalijibu kabla yangu, na swichi yangu ikakaamini. Faili zangu zina amri ya kuzuia wagawaji wa aina hii, lakini swichi isiyopata faili itazuia na nini? Nachomoa karuta, nawasha swichi upya, inavuta.

Saa 7. Ugali na samaki, haraka.

Saa 9. Stima inapotea. Inaporudi, swichi zote zinaanza kuniuliza faili upya. Nashtuka. Kumbe faili inakaa kwenye kumbukumbu inayofutika mpaka uihifadhi, nami sikuweka amri hiyo. Stima ingepotea usiku, laptopu ikiwa kwangu Kondele, ofisi ingeamka bila mtandao.

Nahifadhi zote kumi na mbili.

Saa 11. Nafunga laptopu, naitia mkobani, kisha nachomoa umeme wa swichi ya ghorofa ya tatu na kuurudisha. Mzee amesimama nami. Dakika nne. Taa zinakuwa kijani.

"Haya, nenda," ananiambia.